Kilti kwa ndoa, koti gani?

SWALI: Kaka mhariri, niko huku Bukavu, rafiki yangu anaoa na nataka kuvaa kilti, ile sketi ya wanaume wa Uskoti, lakini ya kisasa. Koti ya kostimi yangu itaenda?

JIBU: Hapana ndugu yangu, ile iache kwa kabati. Kilti inafungwa juu, karibu na kitovu, inaishia kwa goti, sasa koti ndefu inafunika mikunjo yote ya nyuma na unabaki kama mtu ametoka kuoga na taulo. Peleka kwa fundi aikate fupi, ao ashone mpya ya twidi, kile kitambaa kizito cha sufu, na kizibao chake, hapo ndipo utoe pesa. Kilti ya rangi moja, kijivu ao nyeusi, ndiyo inaonekana ya kisasa, na kravati ya kawaida inatosha, tai ya kipepeo ni ya karamu za usiku. Mbele ya kilti kuna vipande viwili vinalaliana: pini choma kile cha juu peke yake, ukishikanisha vyote viwili kitambaa kitapasuka ukikaa. Soksi ndefu za sufu, kunja chini ya goti. Kale kakisu Waskoti wanachomeka ndani ya soksi achana nako, utaelezea nini polisi? Unaogopa watu watashangaa? Masaperi wetu, wale Wakongo wa kuvaa maridadi, wanavaa kilti zamani bwana.