Hasira ya kijiweni usiipeleke nyumbani

Nilikuwa naendesha bodaboda ya mkataba hapa Temeke. Kila siku napeleka hesabu kwa bosi, shilingi 10,000, mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yangu. Ikabaki miezi miwili nikaugua, hesabu zikalala, bosi akaichukua. Wiki ileile mwenzangu niliyeanza naye siku moja akamaliza mkataba wake. Alikuja kijiweni na kadi ya pikipiki yenye jina lake, ikapita mkono kwa mkono, nami nikaishika.

Usiku ule mke wangu aliniuliza, tena kwa sauti ya chini, kama nimebakisha hela ya unga. Nikamzaba kibao. Binti yetu wa miaka sita aliacha kula, akaokota kandambili zake, akaenda kusimama mlangoni.

Nimekulia kijijini, kuna misimu tulilalia uji mtupu, na sikumbuki kumwinulia mtu mkono. Kwa hiyo siafiki nikisikia kwamba umaskini ndio unaopiga. Kilichoniunguza ni ile kadi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtafiti wa mambo ya jamii Samuel Stouffer na wenzake waliwahoji askari wa Marekani, wakakuta wa kikosi cha anga, waliopanda vyeo haraka, wananung'unikia vyeo kuliko polisi wa jeshi ambao hawakupanda upesi. Mtu hujipima na aliye karibu naye.

Lakini bosi sikumwinulia hata sauti. Nilimwita mzee, nikamwachia funguo. Nilimpiga niliyemweza.

Ndugu yangu, ukitoka mahali na kifua kimebana, usiingie ndani hivyo. Mimi hukaa kwa muuza kahawa mpaka nipoe. Na hela ya siku naimwaga yote mbele ya mke wangu, hata ikiwa 3,000, tunaihesabu pamoja. Swali la unga liliniuma kwa sababu nilikuwa nikificha.

Nawe dada unayepigwa, usingoje apate kazi. Mimi nilipata pikipiki nyingine, na bado nilimsukuma mke wangu ukutani. Alikwenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Huko ndiko nilikoambiwa kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 haimpi mtu yeyote haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Nina zaidi ya miaka 30, sikuwahi kuisikia.

Binti sasa ana miaka tisa. Nikipaza sauti, hata kwa ajili ya mpira, anatazama kandambili zake ziko wapi.