Hisa za mafuta na makaa: gawio nono lisikupumbaze

Ndugu, umeuliza kama uhamishie akiba yote ya uzeeni kwenye hisa za mafuta na makaa ya mawe kwa sababu ya gawio, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa. Yote? Hapana. Gawio si mshahara: Aprili 2020 kampuni ya mafuta ya Shell ililishusha kutoka senti 47 za dola kwa hisa hadi 16. Makaa ni hatari zaidi. Peabody, kampuni ya makaa ya Marekani, ilifilisika Aprili 2016. Ilipotoka kwenye ufilisi mwaka uliofuata, hisa za zamani zilifutwa. Wadai hulipwa kwanza, mwenye hisa anaambulia makombo, kama yamebaki.

Fungua ripoti ya mwaka ya kampuni, ruka picha za mitambo ya upepo, nenda kwenye maelezo ya hesabu. Tafuta bei ya pipa la mafuta ambayo wakuu wa kampuni wameikadiria kwa miaka ijayo. Wakiikadiria juu, visima vinaonekana dhahabu. Magari ya umeme au kodi ya kaboni (tozo kwa hewa chafu ya mafuta na makaa) vikipunguza mahitaji, thamani hiyo inafutwa. Juni 2020 kampuni ya mafuta ya BP ilishusha makadirio ya bei hadi wastani wa dola 55 kwa pipa, ikatangaza kufuta hadi dola bilioni 17.5 za thamani ya mali zake vitabuni. Kagua pia madeni na gharama za kuziba visima vikiisha kutumika.

Halafu chungulia mfuko wako wa pensheni: huenda hisa hizo tayari unazo.