Muulize Dokta wa Moyo: Presha, Maumivu ya Kifua na Koo la Mtoto

Safari hii tumemkaribisha dokta bingwa wa moyo, mzaliwa wa Rungwe anayefanya kazi hapa Mbeya, ambaye amekaa na wagonjwa wa moyo muda mrefu kuliko umri wa baadhi yenu mnaosoma hapa. Maswali yalimiminika kuanzia Tunduma mpaka Kilolo, tumechukua yale yaliyojirudia zaidi na majibu tumeyaacha kama alivyoyasema mwenyewe.

Shikamoo dokta. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina wanafunzi wanaoota udaktari. Wewe uliingiaje kwenye moyo, na tangu uanze kimebadilika nini? (Mwalimu, Mafinga)

Marahaba mwalimu. Mi nilikuwa nataka upasuaji wa mifupa, walionivuta kwenye moyo ni mabinti niliowakuta wodini nikiwa daktari mpya. Unakuta binti wa miaka 16, 17, kakaa kitandani ameegemea mito mitatu maana akilala chali pumzi inakata, mishipa ya shingo imesimama unaiona kabisa inacheza, ukiweka stetoskopu tu unasikia mvumo wa valvu (mlango wa ndani ya moyo unaofunga na kufungua njia ya damu) iliyoharibika, alafu huna cha kumpa zaidi ya vidonge vya kupunguza maji na karatasi ya rufaa ya kwenda India. Foleni ndefu, hela hakuna, wengine walifariki majina yao bado yako kwenye orodha. Hapo ndo nikaamua.

Upasuaji wa moyo ulianza kufanyika Muhimbili mwaka 2008, na 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Sijui kama vijana wa leo wanaweza kuelewa ukubwa wa hilo jambo kwetu sisi tuliokuwepo kabla. Leo valvu inabadilishwa Dar, mshipa wa moyo ulioziba unazibuliwa Dar kwa mrija mwembamba unaopitishwa mkononi au kwenye paja, na mgonjwa anarudi kwao Njombe kwa basi. Madaktari wa taasisi nao huwa wanatoka kuja mikoani kwa tiba mkoba, mkisikia wako kanda yetu nendeni. Ila mwalimu, katika vifaa vyote nilivyowahi kugusa, kinachookoa watu wengi kuliko vyote ni mashine ya presha, ile ya kufunga mkononi, na hiyo ipo mpaka zahanati ya kijijini. Wanafunzi wako wasome Biolojia na Kemia kwa nguvu, lakini wajue nusu ya kazi hii ni kukaa na mtu umsikilize mpaka akwambie kwa nini hamezi dawa.

Dokta, mume wangu alipimwa presha akakutwa na 160 kwa 100, wakapima tena na tena ikawa hivohivo, akaanzishiwa dawa. Baada ya miezi kadhaa akapona akaacha. Anasema hajisikii kitu na dawa za presha ukizizoea mwili unakuwa tegemezi. Sasa anakula vitunguu saumu asubuhi. Nifanyeje? (Mama wa Uyole)

Mama, swali lako ndo kazi yangu ya kila siku, naomba umsomee baba hapa pole pole.

Hajapona. Presha ilishuka kwa sababu ya dawa, alivyoacha dawa imerudi ilipokuwa, na hajisikii kitu kwa sababu presha ya kupanda kwa watu wengi haiumi wala haiwashi. Inakaa kimya miaka, inatanua moyo, inachakaza figo, alafu siku moja mtu anaamka mdomo umepinda upande na mkono haunyanyuki. Wengi ninaowaona wakiwa na kiharusi ukiuliza nyumbani unaambiwa alikuwa na presha ila aliacha dawa, alikuwa anajisikia vizuri. Na hilo la utegemezi, mwili haulewi dawa ya presha. Anahitaji dawa kwa sababu ugonjwa upo, basi.

Vitunguu saumu ale, ni chakula kizuri, lakini haviwezi kukaa mahali pa dawa kwa mtu wa 160 kwa 100.

Sasa muulize vizuri aliacha kwa nini hasa, maana wanaume wengi hawasemi. Kama alikuwa anatumia amlodipine inawezekana vifundo vya miguu vilivimba akaogopa. Kama ni captopril au ndugu zake wale, zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, mtu anatibiwa kifua kumbe ni dawa. Na zipo zinazoweza kusumbua nguvu za kiume, hapo ndo kimya kabisa. Haya yote yana dawa mbadala, anarudi kliniki anabadilishiwa, ila asiache mwenyewe.

Kingine muangalie kama ana kawaida ya kununua diklofenaki dukani kwa ajili ya mgongo au magoti. Dawa hizo za maumivu zinapandisha presha na zinaumiza figo, na huku kwetu watu wa shamba wanazitumia kama pipi. Amwambie dokta.

Jikoni, chumvi kwa siku isizidi gramu 5, ni kama kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja ukijumlisha vyakula vyote. Msisahau magadi mama, magadi tunayoweka kwenye maharage ili yaive haraka yana sodiamu ileile ya chumvi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha na maji mapya, yataiva bila magadi. Na ile chumvi ya kunyunyizia juu ya kitimoto na ndizi za kuchoma, maana chumvi imeshawekwa mara moja jikoni, hiyo iondoke mezani.

Akienda kupima akae chini dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini asikunje, asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, na mkanda ufungwe kwenye ngozi sio juu ya sweta. Najua Uyole kuna baridi ila sweta livuliwe.

Mi dereva wa malori, Tunduma Dar. Nikipandisha Kitonga napata kichomi kifuani, wenzangu wanasema ni vidonda vya tumbo au chembe ya moyo. Nitajuaje kama ni moyo kweli? (Dereva, Makambako)

Kaka, kwa simu au kwa barua hakuna anayeweza kukwambia ni moyo au sio moyo, lazima upimwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Ila nakupa ya kuangalia. Maumivu ya moyo mara nyingi yanakuwa katikati ya kifua, yanabana au yanalemea, sio kichomi cha sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole. Yanaweza kwenda bega au mkono wa kushoto, shingoni, taya. Yanakuja ukifanya kazi nzito au ukipata hasira na yanaachia ukipumzika. Ya vidonda vya tumbo mara nyingi yanaendana na chakula, njaa, kiungulia. Lakini watu wa kisukari na akina mama wengi moyo wao hauumi hivo, wanaishiwa pumzi tu au wanachoka ghafla bila sababu, wanapewa dawa za tumbo mpaka wanachelewa.

Umesema linakuja ukipandisha Kitonga. Kama ni wakati unahangaika na lori, unakata kona na breki, au umeshuka kubadilisha tairi, alafu ukitulia linaisha, hilo silipendi, nenda kapime wiki hii. Kama unavuta sigara nitakuomba uache, kwa madereva natoa ombi hilo kwa uchungu kabisa maana nimeshapoteza wengi ambao hawajafika hata miaka 50.

Likikukamata kubwa, limebana zaidi ya dakika chache, jasho la baridi, kichefuchefu, paki gari pembeni hapohapo usijikaze kufika mzani. Utingo wako apige simu atafute gari ya kukupeleka hospitali. Kama una aspirini na huna mzio nayo wala hujawahi kutapika damu, tafuna ya miligramu 300, tafuna usimeze nzima. Usilale gesti ukisubiri asubuhi, mshipa ukiziba nyama ya moyo inakufa kadiri saa zinavyokwenda na ikishakufa hairudi.

Mjukuu wangu ana miaka 10. Aliumwa koo likapoa lenyewe, baada ya wiki kama tatu goti likavimba, likapona, uvimbe ukahamia kiwiko. Hospitali wamesema achomwe sindano kila mwezi kwa miaka. Anaumia sana, analia. Ni lazima? (Bibi, Tukuyu)

Ni lazima bibi yangu, na huyo aliyemgundua mtoto wako amefanya kazi nzuri sana, mpe shukrani.

Wale mabinti niliosema pale juu walianzia hapa alipo mjukuu wako. Kuna bakteria wa koo, mtoto wa miaka 5 mpaka 15 akimpata na asitibiwe vizuri, kinga ya mwili inayompiga yule bakteria inageuka inapiga na viungo na moyo. Viungo vinavimba vinapona. Valvu za moyo haziponi hivo, kila akiumwa koo tena zinapata kovu jipya, zinakakamaa au zinashindwa kufunga, na anakuja kuonekana miaka mingi baadae, mara nyingi akiwa na mimba, maana mimba inaongeza damu na moyo unashindwa.

Sindano hiyo ni penisilini ya kukaa muda mrefu mwilini, anachomwa kila wiki 3 au 4, na inaweza kuendelea mpaka ukubwani, wenye valvu zilizoharibika sana wengine wanaenda nayo mpaka miaka 40. Akiruka mwezi mmoja au miwili anakuwa hana ulinzi. Kuhusu maumivu, mwambie nesi apashe ile chupa kwenye viganja kabla ya kuchoma, achome pole pole, na muulize kama inaweza kuchanganywa na dawa ya ganzi. Kipimo cha eko, ile ultrasound ya moyo, pia afanyiwe ili tujue valvu zikoje leo. Na watoto wengine hapo nyumbani, koo likiuma na homa wasipewe maji ya limao tu, wapelekwe.

Huku Makete baridi kali na tuko juu sana mlimani, hivi vinaharibu moyo? (Msomaji, Makete)

Kuwa juu peke yake hapana, moyo mzima unazoea. Baridi inabana mishipa na presha hupanda kidogo, kwa hiyo mwenye presha asikose kipimo mwezi wa 6 na wa 7. Ninachoogopa zaidi huko ni jiko la mkaa kuingizwa chumbani mlango umefungwa. Ile hewa yake inaua familia nzima usingizini. Toeni jiko nje kabla ya kulala.

Nimejifungua wiki ya tano sasa. Miguu imevimba, nakohoa usiku, nikilala chali nakosa pumzi mpaka naamka kukaa. Mama mkwe anasema ni uchovu wa uzazi. (Dada, Vwawa)

Dada yangu, pumzi kukata ukilala chali sio uchovu wa uzazi. Kuna ugonjwa ambao misuli ya moyo inalegea mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, na dalili zake ni hizohizo ulizoandika. Unatibika, wengi moyo unarudi vizuri wakiwahi dawa, ila unahitaji kupimwa eko na kufuatiliwa, na mimba nyingine usibebe kabla dokta hajakuruhusu. Mama mkwe mheshimu, mwambie dokta wa moyo ndo kasema. Mhariri amenionyesha ujumbe wako siku ulipofika na tumekupigia hapohapo, nimeuweka hapa kwa ajili ya wenzako walio na hali hiyo sasa hivi. Wasisubiri toleo lijalo, waende hospitali leo, mtoto waende naye.