Maswali na Majibu: Watawala wa Roma na Urithi Wao

Je, Julius Caesar ndiye aliyekuwa kaisari wa kwanza wa Roma?

Hapana, ingawa jina lake ndilo lililogeuka kuwa cheo, hata tukalipata katika Biblia ya Kiswahili kwa umbo la Kaisari. Yeye alikuwa dikteta ndani ya jamhuri, na maseneta waliohofia kwamba angejitawaza mfalme walimuua kwa majambia tarehe 15 Machi, mwaka 44 KK. Aliyefanikiwa kuwa kaisari wa kwanza ni Octavian, mjukuu wa dada yake Julius, ambaye mwaka 27 KK Seneti ilimpa jina la heshima la Augustus. Kwa kuwa alijua jinsi Warumi walivyolichukia neno “mfalme”, alijiita raia wa kwanza, akaiacha Seneti iendelee na vikao vyake huku majeshi yakimtii yeye. Nadhani ustadi huo wa kushika madaraka bila kudai kiti cha enzi ulimpa nguvu kuliko ushindi wowote wa vitani.

Je, Mwafrika yeyote aliwahi kuitawala Roma?

Ndiyo. Septimius Severus, aliyetawala tangu 193 hadi 211, alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo, na akaupamba mji huo kwa majengo ambayo magofu yake yangali yamesimama. Mwanawe, Caracalla, aliwapa uraia karibu watu huru wote wa dola mwaka 212.

Warumi wametuachia nini?

Kalenda, kwanza: Julai ni ya Julius, Agosti ni ya Augustus. Sheria pia, kwani ile iliyokusanywa kwa amri ya kaisari Justinian katika karne ya 6 ililea sheria za Ufaransa na Ubelgiji, na kupitia Ubelgiji ikafika Kongo, Rwanda na Burundi.

Hata hivyo, kinachonigusa zaidi ni zege lao, lililochanganywa kwa chokaa na majivu ya volkano. Kuba la Pantheon, hekalu la kale mjini Roma, lililojengwa zama za kaisari Hadrian, lina upana wa takriban mita 43 na halina nondo hata moja. Mafundi walitumia mawe mazito chini na mepesi juu, wakalipunguza unene kadiri lilivyopanda, na kileleni wakaacha tundu wazi. Mvua inyeshapo, maji huingia humo, hutua sakafuni na kutoroka kwa vitundu vidogo vilivyotobolewa katika marumaru.