Kabla Hujawasha Gari, Pandisha Hedresti

Ukinipa gari lako leo nilipeleke Kisumu, nikishasogeza kiti na kupanga vioo, mkono wangu utaenda moja kwa moja kwenye hedresti, kile kiegemeo cha kichwa ambacho wengi huacha vilevile gari lilivyotoka Japani. Kutoka Nakuru kupitia Salgaa hadi Mau Summit malori hupanda mlima polepole, na kwenye matuta watu hukanyaga breki ghafla. Kugongwa nyuma hapo si ajabu. Mkanda tufunge, hilo halina mjadala, lakini gari likigongwa nyuma mwili husukumwa kwenye kiti kwanza, na shingo hutegemea kiegemeo.

Kiti kinausukuma mgongo mbele kwa ghafla. Kichwa, chenye uzito wa karibu kilo 5, kinachelewa. Shingo inapinda mithili ya herufi S, kichwa kinatupwa nyuma kisha kinarudi mbele, na yote hayo huisha kabla ya nusu sekunde. Hakuna anayewahi kujikaza. Kiegemeo kikiwa juu na karibu, hukipokea kichwa mapema kiende pamoja na mgongo. Kikiwa chini, usawa wa shingo, kichwa hupinda juu yake. Marekani ililazimisha viegemeo kwenye viti vya mbele vya magari mapya tangu 1969, kwa hiyo si pambo.

Shemeji yangu ni mrefu. Tulikuwa kwenye foleni pale Free Area, mtaa wa hapa Nakuru, yeye akiendesha, matatu ikatugonga nyuma. Haikuwa na kasi. Bampa ilipasuka tu, tukashuka tukiongea vizuri. Asubuhi yake hakuweza kugeuza shingo. Hospitalini hawakuona mfupa uliovunjika, ila misuli na kano zilikuwa zimevutika, na kichwa kilimuuma kwa wiki kadhaa. Hedresti yake ilikuwa imeshushwa hadi mwisho. Yangu ilikuwa juu, nami sikuumia. Miili haifanani, sisemi hiyo ndiyo sababu pekee, lakini tangu siku hiyo sipandi gari bila kuigusa.

Kaa wima kwanza, kisha pandisha mpaka ukingo wa juu ulingane na utosi wako, au usiwe chini ya ncha za juu za masikio. Sikiliza ikate "tak", halafu ibonyeze kwa kiganja: ikishuka, haijajifunga. Nyuma ya kichwa nafasi isizidi upana wa vidole vinne, karibu sentimita 7. Mwombe mtu akutazame kutoka ubavuni, maana mwenyewe huoni. Wale wanaolaza kiti kama kitanda wanaongeza nafasi hiyo, hata kiegemeo kikiwa juu namna gani.

Sasa siti kava. Hapa mjini nimeona kazi safi sana ya mafundi, lakini kava nyingine hufunika kile kitufe cha kurekebishia, au huvuta kitambaa hadi hedresti haipandi tena. Mwambie fundi aache kitufe wazi kabla hajaanza kushona, na ukichukua gari jaribu kila kiti papo hapo. Viti vya nyuma pia. Wapo wanaozing'oa hedresti za nyuma ili dereva aone vizuri kwenye kioo, na anayekaa huko mara nyingi ni mama au watoto wetu wakubwa. Zirudishe.

Kuna ujumbe unaozunguka WhatsApp kwamba vile vyuma viwili vya chini ya hedresti viliwekwa ili uvunje kioo gari likizama. Si kweli. Ni vya kushikilia kiegemeo na kurekebisha kimo chake.

Kwenye matatu huna la kurekebisha mara nyingi, ila nafasi ikiwepo chagua kiti chenye mgongo unaofika kichwani. Ukiwa umesimama kwenye foleni na ukaona kwenye kioo gari linakuja bila kupunguza mwendo, tazama mbele na ukibandike kichwa kwenye kiegemeo.

Ukishagongwa, usimalizane na mwenye gari barabarani kwa sababu tu husikii maumivu; huweza kuja kesho yake. Ukihisi ganzi mikononi, udhaifu, kizunguzungu au kichwa kinazidi kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo.