Barua kwa mwanangu: stoo yangu na kabati la mkeo

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Saidi,

Assalaam alaykum. Huku sisi wazima. Mama yako anakusalimu, goti limepoa kidogo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na mara ya pili nilitoka nje kabisa, maana simu imenasa na maneno ya mkeo kule nyuma. Amesema, "Atakuja kunitoa na mimi." Sijui kama ulimsikia. Mimi nimemsikia.

Umeniambia umechoka na nyumba iliyojaa. Umeona watu wanaishi na vitu vichache, roho zao nyepesi, na unataka nanyi hapo Tabata muishi hivyo. Lakini mama Nasra hataki kusikia habari ya kutoa kabati la vyombo, wala magodoro mawili yaliyokunjwa juu yake, wala furushi la khanga. Ukamalizia, "Baba, ulimfanyaje mama mpaka ile stoo ikaisha?"

Mama yako sikumfanya kitu. Stoo ilikuwa yangu.

Wewe uliikuta imeshajaa, hukujua ilianzaje. Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 23, fundi msaidizi kwenye karakana ya shamba la mkonge upande wa Muheza. Tulikuwa tukitengeneza matrekta na korona (ile mashine ya kuchakata mkonge, si ugonjwa). Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha lakini nchi imebaki haina fedha za kigeni, spea haziji. Boliti moja ikikatika, trekta linawekwa juu ya mawe, na hapo litakaa mpaka fundi mkuu apate trekta jingine lililokufa achomoe boliti yake. Msumari uliopinda tuliunyoosha kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Kopo likiisha mafuta linakuwa koroboi. Nyumbani bibi yako alikuwa akitoka alfajiri anaweka kikapu chake kwenye foleni ya duka la ushirika, kisha anarudi kuswali, kikapu kinamshikia nafasi. Sabuni ikipatikana aliikata vipande, na kipande kimoja alikificha mahali ambapo sisi wengine hatukupajua mpaka leo.

Na mwaka huohuo ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, enzi za waziri mkuu Sokoine. Aliyekutwa na mali nyingi ndani alikuwa na maswali ya kujibu. Asubuhi moja tulikuta madoti ya khanga na katoni za sabuni mtaroni, zimelowa chapachapa, kuna mtu katupa usiku kwa hofu. Watu tuliosimama pale hatukuwa na sabuni majumbani mwetu. Hakuna aliyeinama kuokota mpaka jua likapanda. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja nilijifunza kukosa kitu, na nikajifunza kuogopa kuwa nacho. Kijana aliyepita hapo hutamfundisha kutupa boliti.

Baadaye milango ikafunguliwa, Mzee Mwinyi akaingia Ikulu 1985, mitumba na redio na baiskeli vikaja mpaka vikakosa wanunuzi. Vitu vilibadilika, mikono yetu ikabaki ya 1983. Nilipohama shamba kuja mjini kufungua gereji nilihama na magunia manne ya spea za matrekta. Matrekta yenyewe yalikuwa yameshauzwa chuma chakavu. Mama yako aliniuliza kama tutalima barabara ya lami.

Tulifundishwa kwamba akiba haiozi. Aliyesema hivyo hakuweka akiba yake Tanga. Hapa upepo wa bahari unakula chuma huku unakiangalia. Unafungua kopo la nati baada ya miaka kumi unakuta zimeshikana zimekuwa jiwe moja jekundu.

Iliyonitoa kwenye usingizi huo ni dengue. Unakumbuka 2019, Dar mlivyougua, na huku kwetu ikaja. Mama yako alilala siku sita, homa, macho yanauma kwa ndani, anasema mifupa inapondwa kwenye kinu. Bwana afya akapita nyumba kwa nyumba. Nilimwambia sisi hatuna dimbwi hapa. Akacheka. Mbu wa dengue, alisema, anauma mchana na hahitaji dimbwi, kifuu cha nazi chenye maji ya mvua kinamtosha kuzaa. Hata maji yakikauka mayai yanangoja miezi, mvua ikirudi yanaanguliwa. Akazunguka uani na kalamu yake. Alihesabu vyombo 31 vyenye maji: matairi, ndoo za rangi, makopo, sinki lililopasuka, tangi la pikipiki nisiyowahi kuwa nayo.

Kila kimoja nilikuwa na jibu lake. Tairi hili nitachonga katambuga. Ndoo hii nitapandia mchicha. Yeye hakubishana na mimi hata kidogo. Kila nikimaliza kusema aliuliza, "Lini, mzee?" Mara ya kumi hivi nikanyamaza.

Nilianza kesho yake. Kila asubuhi baada ya swala nilitandika jamvi kuukuu uani na kumwaga aina moja tu ya vitu. Leo boliti, kesho mabomba, keshokutwa nyaya. Kuchanganya ndiko kunakoshinda watu, maana ukichoka na nyaya unakutana na picha ya marehemu baba yako na siku imekwisha. Kila spea niliiuliza mashine yake iko wapi. Kama mashine imekufa, nayo iende. Magunia manne yalibaki nusu gunia. Vijana wa chuma chakavu walikuja na toroli na mizani yao, wakabeba kilo 212, mara ya kwanza nikawakuta wanauinua mzigo kidogo kwa kidole tukapima upya. Fedha zile ndizo zilizoezeka upya paa la jikoni. Ile TV ya chogo, ambayo niliing'ang'ania hata baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa mwisho wa 2012, aliichukua fundi wa redio kwa ajili ya waya za shaba. Betri za gari sikuziacha watoto wazichezee, zina tindikali na madini ya risasi. Zina wanunuzi wake.

Wiki tatu. Nikapata chumba kizima, ndimo anamolala mjukuu wangu mkija.

Sasa nakwambia lile ambalo hukuliuliza.

Nikalewa, mwanangu. Mtu akishaona sakafu yake anataka kuona na za wenzake. Mama yako alikwenda matangani Pangani, siku tatu. Nikafungua lile furushi lake nyuma ya mlango, khanga zimepauka, nyingine zimechanika pindo, nikajisemea hizi hazivaliki tena. Akapita kijana anayekusanya matambara ya kuuzia magereji. Sikuchukua hata senti kwake, nilijiona mwema.

Mama yako aliporudi hakugundua mara moja. Niliyegundua ni mimi. Kama wiki baadaye nimekwenda kwa fundi mwenzangu kuazima jeki, namkuta anapima oili ya lori, kijiti cha oili anakifutia kitambaa. Nikaona herufi: JAPO SIPATI. Nilijua zilizobaki bila kuziona. *Japo sipati tamaa sikati.* Khanga ya bibi yako, mama mzaa mama yako. Ndiyo aliyokufunga nayo mgongoni mwaka ule mama yako alipolazwa. Niliisahau mimi, mbele ya fundi yule ikanijia yote, na mgongo wenyewe na wewe unalia.

Nilimwomba, akanipa, akanishangaa. Ilikuwa nusu. Niliipeleka nyumbani nikamwambia mama yako ukweli, maana uongo nao unahitaji mahali pa kuuweka. Hakusema neno. Aliiloweka kwa sabuni ya unga, akaifikicha kwa ndimu, akaianika, akarudia siku tatu. Oili ya dizeli haitoki. Akaipinda pindo, akaikunja, anaiweka pamoja na msala wake. Mpaka leo hajanisuta kwa hilo hata tukigombana. Ila ufunguo wa kabati lake hutembea nao, amefungia kwenye ncha ya khanga aliyovaa, na mimi kila ukigonga kwenye kiti nausikia.

Kwa hiyo unaponiambia nikupe mbinu ya kumfanya mama Nasra, sina. Niliwahi kutumia moja na umeona.

Ninachoweza kukwambia ni kwamba vile unavyoviita uchafu wa juu ya kabati havikai pale kwa uvivu. Magodoro mawili: binti wa shangazi yako alipokuja kliniki Muhimbili alilalia nini zile wiki saba? Na mdogo wako alipotafuta kazi? Ungewalaza kwenye ile sakafu yako nyeupe? Hao unaowatazama kwenye simu wanaishi na kijiko kimoja na uma mmoja, hawana shangazi Handeni. Nyumba yako ni kituo, mwanangu, na anayeulizwa pa kulala mgeni si wewe unayerudi saa mbili usiku, ni mkeo. Kadhalika vile vyombo vya kabatini. Umesema havitumiki. Vile alitunzwa siku ya harusi yake, na kila sahani inamkumbusha mtu na mkono wake. Mimi sahani kwangu ni sahani, mama yako ananiambia hii ni ya bi mkubwa wa barabara ya nane. Kwao ni daftari.

Lakini pia sikubaliani na mkeo kwa kila kitu, usije ukamsomea barua hii nusu. Kuna vitu tunavyoviweka vya shughuli moja kwa mwaka, kila nyumba na vyake. Mama yako alikuwa na masufuria makubwa sita na mabeseni, robo ya jiko. Siku moja, mwenyewe, bila mimi kufungua mdomo (nilikuwa nimeshajifunza), akasema atayapeleka kwenye kikundi chao cha mtaa. Wana chumba kimoja pale kwa mwenyekiti wao: masufuria, turubai, majamvi, sahani za bati, mwiko mrefu kama kasia. Mwenye harusi au msiba anachukua, anarudisha yameoshwa, aliyetoboa analipa. Alitoa masufuria sita, sasa ana haki ya ishirini. Hilo mkeo huenda akalitaka kama litatoka kwake au kwa wanawake wenzake hapo mtaani. Likitoka kwako atasikia kwamba unamtoa na yeye.

Wewe anza na vyako. Nilipokuja Mfungo Sita nilihesabu jozi tisa za viatu mlangoni, sita zako. Droo ya meza ya TV ina chaja za simu zilizokwisha kuibwa. Mashine ya mazoezi inaanika taulo. Na hayo maboksi 24 ya plastiki yenye vifuniko uliyonunua ili kupanga vitu mnavyotaka kupunguza, hapo ndipo nilipocheka peke yangu barabarani. Umenunua vitu 24 kwa ajili ya kupunguza vitu. Maboksi yale nipe mimi, nitawekea misumari. La, usinipe!

Karatasi ziangalie kwa makini kabla hujachoma. Vyeti, mkataba wa nyumba, karatasi za kile kiwanja cha Kibaha, pango la ardhi, hizo hazichomwi hata zikiwa chafu. Risiti za mashine za dukani hufutika zenyewe, baada ya mwaka unabaki na karatasi nyeupe, kwa hiyo ya friji au ya simu ipige picha siku ileile, warantii isije ikakukataa. Bili za maji za mpangaji aliyewatangulia sijui mnazitunzia nani.

Ukimaliza vya kwako kaa kimya. Miezi mitatu usiguse, usishauri, usitazame kabati kwa jicho lile. Mama yako alitoa masufuria mwaka mmoja na nusu baada ya mimi kusafisha stoo, na kama nisingegusa furushi lile nadhani angetoa mapema zaidi.

Nami sijatoa vyote. Kuna boliti moja ya korona, ndefu kama mkono wa mtoto, iko dirishani, naishikizia pazia upepo ukiwa mkali. Bwana afya akija akauliza lini, nitamwambia kila siku.

Jambo la mwisho. Nilipofika mwisho wa stoo, ukutani kabisa, nilikuta tranka la chuma la bluu lenye jina lako kwa rangi nyeupe, lile la bweni. Umeliacha hapa tangu 2009. Nimelifuta vumbi, nimelitoa kwenye unyevu, nimeliweka juu ya matofali mawili chini ya kitanda chetu. Ndani kuna kitu kinagongana nikiliinua. Mama yako anasema ni madaftari na viatu vya mpira, mimi nadhani kuna ile redio yangu iliyopotea. Kufuli ni lako na sikulivunja. Mkija Idd, njoo na ufunguo.

Wasalimie. Mwambie Nasra babu ana kasuku wa jirani anayeita adhana.

Baba yako