Jibu: Mdogo wangu anaweza kuingia leba na mama?

Dada, umeuliza kama mdogo wako anayejifungua Moshi mwezi ujao anaweza kuingia leba na mama yenu, na afanye nini akifokewa. Anaweza kuomba, ila aombe mapema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unapendekeza kila mjamzito awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wa uchungu na kujifungua. Kikwazo huku kwetu mara nyingi ni chumba: vitanda vimebanana, pazia hakuna, na mkunga anahofia faragha ya akina mama wengine. Kwa hiyo aulize siku ya kliniki, si usiku uchungu umeshashika.

Mimi nilijifungulia Arusha. Mtoto wa kwanza nilichapwa kofi pajani nikiambiwa nisukume. Sijasahau mpaka leo. Wa pili nilipata mkunga aliyenieleza kila kitu kabla ya kunigusa, akaniacha nitembee, ninywe na uji wangu. Uchungu ulikuwa uleule, ila sikuogopa.

Kofi na matusi si huduma, wala kumpima mtu njia bila kumwomba ruhusa. Likitokea, mdogo wako au mama yenu amwone muuguzi kiongozi wa wodi siku hiyohiyo. Asiposikilizwa, aende kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali au kituo hicho. Aandike tarehe na zamu.